Kansas 2012–2017: kodi haikufutwa, ilihamia kwenye mkate

Wengi wetu tunaijua Kansas kwa sababu moja tu, ndo kwao mama yake Obama, alizaliwa Wichita mwaka 1942. Ila kwa sisi tunaoshinda na hesabu za wafanyabiashara wadogo na makaratasi ya kodi, Kansas ina kisa kingine kabisa, cha jimbo lililoshusha kodi ya mapato 2012 na kuja kuirudisha 2017, na mimi nimekifuatilia miaka mingi. Kila nikisikia mtu anasema tushushe kodi uchumi utapaa wenyewe nakikumbuka, na kila nikisikia mtu anasema kushusha kodi ni kuwapendelea matajiri basi, nakikumbuka tena, maana pande zote mbili wanakisimulia kwa mkato mpaka kinaisha utamu. Ngoja tukipitie chote.

Kwanza tuelewane jimbo la Marekani ni kitu gani kwenye mambo ya hela. Jimbo lina kodi yake ya mapato, tofauti na ile ya serikali kuu ya Washington, yaani mtu mmoja anajaza fomu mbili. Lina kodi yake ya mauzo pia. Na shule ni mzigo wa jimbo pamoja na wilaya zake za shule, Washington inachangia kidogo tu. Pale Kansas karibu nusu ya mfuko mkuu wa jimbo inaenda kwenye shule za msingi na sekondari. Halafu kuna hili ambalo watu hulisahau: serikali kuu inaweza kuendesha nchi kwa kukopa mwaka hadi mwaka, jimbo haliwezi, matumizi lazima yalingane na mapato. Kwa hiyo gavana akigusa kodi ya mapato Kansas, hata asipotamka neno shule, ameshagusa shule.

Sam Brownback alikuwa seneta wa Republican kule Washington, akachaguliwa gavana Novemba 2010 na kuingia ofisini Januari 2011. Jimbo lilikuwa bado linaugulia mdororo wa 2008. Gavana aliyemtangulia alikuwa ameshapandisha kodi ya mauzo mwaka 2010 kutoka asilimia 5.3 hadi 6.3 kwa ahadi kwamba 2013 itashuka hadi 5.7, na hela ya msingi ambayo jimbo linatoa kwa kila mwanafunzi, iliyokuwa dola 4,400 mwaka wa masomo 2008–09, ilikuwa imeshapigwa panga kabla yake. Hilo lazima tuliseme kwa haki, hakuikuta shule ikiwa imenona. Ila mwaka wake wa kwanza mzima iliteremka tena hadi dola 3,780.

Alianza na mambo ambayo hayakuwa mabaya hata kidogo. Akaanzisha ofisi maalum ya kuchambua sheria na kanuni zilizopitwa na wakati ili zifutwe, wafanyabiashara walalamike wenyewe ni kanuni gani inawakaba. Akatangaza kaunti 50 za mashambani zinazokimbiwa na watu, ukihamia huko kutoka nje ya jimbo unasamehewa kodi ya mapato ya jimbo kwa hadi miaka 5, na mkopo wako wa chuo unasaidiwa kulipwa hadi dola 15,000. Mimi hii ya kaunti niliipenda, ina kikomo, ina mlengwa, unaweza kuhesabu nani kaja na nani hajaja.

Halafu ikaja 2012.

Gavana alimleta mchumi Arthur Laffer, yule wa enzi za rais Reagan mwenye hoja kwamba ukishusha viwango vya kodi watu watafanya kazi na kuwekeza zaidi na hela itarudi, jimbo likamlipa dola 75,000 kwa ushauri. Mpango wa gavana wenyewe wa mwanzo ulikuwa na pande mbili, shusha viwango na wakati huo huo futa misamaha kibao ili pengo lisiwe kubwa, mfano nafuu ya riba za mikopo ya nyumba. Bungeni misamaha ile ikawa na wenyewe, kila mtu analinda wa kwake, seneti ikaiondoa mingi na kubakiza upande mtamu tu. Muswada ukakwama kwa kura 20 kwa 20, gavana akawaomba wapitishe tu ili mazungumzo na bunge la chini yaendelee, wataurekebisha huko mbele, wakapitisha. Kumbe bunge la chini nalo, lililokuwa mikononi mwa wahafidhina, likauchukua muswada ule ule kama ulivyo na kuutuma kwa gavana. Ni kama pale mtu anapotaja bei sokoni akitegemea mwenzake atashusha waelewane katikati, mwenzake anatoa hela anakabidhi hapo hapo. Brownback akasaini tarehe 22 Mei 2012. Wataalam wa bunge lenyewe walishapiga hesabu kwamba mwaka wa kwanza jimbo litapoteza dola milioni 231 na baada ya miaka 6 itafika milioni 934 kwa mwaka. Si kwamba hawakuambiwa.

Sasa twende kwenye kiini. Viwango vitatu vya kodi ya mapato, 3.5, 6.25 na 6.45, vikawa viwili, 3.0 na 4.9. Hiyo peke yake jimbo lingeweza kuhangaika nayo. Kilichotoboa ndoo ni kipengele kingine kilichosema mapato ya biashara ambayo hayatozwi kodi kwenye kampuni bali yanapita kwenda kwenye fomu ya mwenye biashara, yaani LLC (kampuni ambayo madeni yake hayamfuati mwenye nayo), ubia, biashara ya mtu mmoja, shamba, hayo yote Kansas haitayatoza kodi ya mapato kabisa kuanzia tarehe 1 Januari 2013. Sifuri.

Chukua fomu mbili uziweke mezani. Ya kwanza ni ya mwalimu ambaye hajaoa, baada ya makato yote mapato yake yanayotozwa kodi ni dola 50,000. Dola 15,000 za kwanza zinatozwa asilimia 3, hiyo ni 450. Zinazobaki 35,000 zinatozwa 4.9, hiyo ni 1,715. Jumla analipa jimbo dola 2,165. Fomu ya pili ni ya jirani yake mwenye LLC, labda mshauri wa kampuni, hana mfanyakazi hata mmoja, na yeye faida yake ni dola 50,000 hizo hizo. Analipa jimbo sifuri. Wanatumia barabara moja na watoto wao wako darasa moja. Mimi ni mtu wa kuwatetea wenye biashara ndogo, mkate wangu unatoka kwao, lakini niambie hapo kazi gani imezaliwa? Mwenye mgahawa haajiri mpishi wa pili kwa sababu kodi yake imeshuka, anaajiri kwa sababu foleni imefika mlangoni.

Na watu si wajinga. Kabla sheria haijaanza makadirio yalikuwa watafaidika wenye biashara kama 191,000, wakaja kuwa karibu 330,000. Wengine walikuwepo toka zamani ila hawakuhesabiwa vizuri, wengine walibadilisha jina la mapato tu, jana mshahara leo ankara ya kampuni yake mwenyewe. Kisa kilichowauma watu wa Kansas kuliko vyote kilitoka hadharani 2016: kocha wa basketiboli wa Chuo Kikuu cha Kansas, mmoja wa watumishi wa umma wanaolipwa vizuri kuliko wote jimboni, mshahara wake rasmi ulikuwa dola 230,000 lakini malipo yake kwa jumla yalikaribia milioni 3 na sehemu kubwa ilipitia kampuni yake, yaani sehemu hiyo haitozwi. Hakuvunja sheria yoyote, na hapo ndo penye uchungu wenyewe, sheria ndo ilimwambia apite hapo.

Matokeo kwenye hazina hayakuchelewa. Makusanyo ya mfuko mkuu yalikuwa kama dola bilioni 6.3 mwaka wa fedha ulioishia Juni 2013, mwaka uliofuata yakaanguka kwa karibu milioni 700, zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka mmoja bila vita wala mafuriko. Watu wa gavana walisema sehemu ya anguko ilitokana na Washington, matajiri waliuza hisa zao mwishoni mwa 2012 kukwepa kodi ya serikali kuu iliyokuwa inapanda kwa hiyo makusanyo ya 2013 yalivimba kuliko kawaida, na hilo ni kweli, majimbo mengine pia yaliona hivyo. Lakini wengine waliinuka mwaka uliofuata, Kansas ikabaki chini. Akiba iliyokuwa kama dola milioni 700 katikati ya 2013, katikati ya 2015 imebaki chini ya milioni 100.

Baada ya hapo yakaanza maisha ya kukopa huku kulipa kule. Mfuko wa barabara ukachotwa mwaka baada ya mwaka hadi watu wakaanza kuuita benki ya barabara. Michango ya jimbo kwenye pensheni ya watumishi ikasogezwa mbele. Moody's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa, ikashusha daraja la mikopo la jimbo 2014, na mwenzake Standard & Poor's ikashusha mwaka huo huo, ikarudia 2016. Jimbo lenye watu kama milioni 2.9, jimbo la wakulima wa ngano, likawa kila baada ya miezi michache linatafuta wapi pa kubandua libandike kwingine.

Na hapa ndo nafika kwenye jambo linaloniuma mimi. Gavana hakuwa tayari kurudisha kodi ya wenye LLC. Basi hela itoke wapi? 2013 ile kodi ya mauzo iliyoahidiwa kushuka hadi 5.7 ikaishia 6.15. Juni 2015, baada ya kikao kirefu kuliko vyote kwenye historia ya bunge lile, zaidi ya siku 110 wakati kawaida ni 90, ikapandishwa hadi 6.5, na sigara pakiti moja ikaongezwa senti 50. Kumbuka Kansas wakati huo ilikuwa inatoza kodi ya mauzo kwenye chakula, tena kwa kiwango kile kile kizima. Mkate, maziwa, mchele, mafuta ya kupikia, vyote asilimia 6.5, na ukiongeza ya kaunti na ya mji kuna sehemu ilipita 9. Familia inayonunua chakula cha dola 600 kwa mwezi inaliachia jimbo dola 39 kila mwezi, 468 kwa mwaka, na familia hiyo inaweza kuwa ya mkimbizi wa Kongo anayeanza maisha Wichita na mshahara wa kuanzia. Na sheria ile ile ya 2012 ilishafuta marejesho ya kodi ya chakula kwa wenye kipato kidogo. Baadaye yalirudi kwa sura ambayo kama hudaiwi kodi ya mapato hupati kitu, yaani aliye chini kabisa ndo anakosa. Wapangaji nao wakatolewa kwenye marejesho ya kodi ya majengo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Kansas ilipunguza kodi, muulize ya nani.

Turudi shuleni. Katiba ya Kansas ina kifungu kinacholitaka bunge ligharamie elimu inavyostahili, na mahakama ya juu ya jimbo imekuwa ikikichukulia kwa uzito toka zamani. Na ni jimbo lile lile, mjini Topeka, ilikotoka kesi ya 1954 iliyopiga marufuku kutenganisha watoto weusi na weupe shuleni. Mwaka 2010 wilaya nne, Wichita, Hutchinson, Dodge City na Kansas City ya upande wa Kansas, zikafungua kesi inayoitwa Gannon zikisema hela haitoshi na haigawanywi sawa. Kesi hii ikatembea sambamba na mambo ya kodi kama treni mbili kwenye reli moja, kila mtu anaona zinakutana.

Machi 2014 mahakama ikasema mgawanyo si wa haki, wilaya maskini zinaonewa. Bunge likatoa hela ya kusawazisha lakini kwenye muswada ule ule likachomeka mambo mengine: walimu wakapoteza haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa, watu wenye digrii za sayansi na hesabu wakaruhusiwa kufundisha bila leseni ya ualimu, na kampuni zikapewa nafuu ya kodi zikichangia ufadhili wa wanafunzi kwenda shule binafsi. Kila moja hapo ina hoja yake na inastahili mjadala wake, ile ya mhandisi kufundisha fizikia mimi siipingi hata kidogo. Lakini kuyafunga yote kwenye kifurushi cha hela ambayo mahakama imeamuru, usiku, mwalimu akalala ana haki akaamka hana, hapo lazima upate watu waliovunjika moyo.

2015 kanuni ya kugawa hela kwa idadi na mahitaji ya wanafunzi ikafutwa, kila wilaya ikapewa fungu lililogandishwa kwa miaka miwili. Wilaya ikipokea watoto wapya wa wakimbizi wasiojua Kiingereza, fungu ni lile lile. Mwaka huo huo katikati ya muhula hela ikakatwa na wilaya ndogo kama Concordia na Twin Valley zikafunga shule siku kadhaa kabla ya tarehe. Fikiria mzazi anayefanya kazi zamu kwenye kiwanda cha nyama, anaambiwa mtoto shule imeisha mapema kwa sababu jimbo halina hela, na mezani ana risiti ya chakula yenye kodi iliyopanda.

Februari 2016 mahakama ikasema mafungu yale nayo si ya haki, na kama hayatarekebishwa hadi tarehe 30 Juni shule hazitafunguliwa. Wabunge wakaitwa kikao cha dharura mwezi huo wa Juni, wakatafuta dola milioni 38, wakapona. Kulikuwa na kampeni kubwa ya kuwaondoa majaji wanne kwenye kura ya Novemba, wananchi wakawabakisha wote. Kisha tarehe 2 Machi 2017 mahakama ikafika kwenye swali kubwa lenyewe, ikasema hela kwa ujumla haitoshi, karibu robo ya wanafunzi wa jimbo hawapati hata ujuzi wa msingi wa kusoma na hesabu, na kwa watoto weusi ni karibu nusu. Nusu! Ukiisoma hiyo halafu ukumbuke ile fomu yenye sifuri unakosa la kusema.

Upande wa pili nao usikilizwe. Bei za mazao na mafuta zilianguka kuanzia 2014 na Kansas inaishi kwa hivyo vitu. Boeing ilitangaza Januari 2012 kwamba inaondoka Wichita, hata kabla ya sheria kusainiwa, na Wichita ni mji wa ndege. Hayo si visingizio. Na kushusha kodi si lazima kuishie hivi, North Carolina 2013 walishusha viwango pia ila walifuta misamaha na kupanua wigo, na wao walikuwa na msamaha wa mapato ya biashara wenye kikomo cha dola 50,000, wakaufuta kwenye mageuzi yale yale. Shule zao pia zililalamika, lakini hazina yao haikuporomoka kama ya Kansas. Ndo maana nasema tatizo halikuwa neno kupunguza, tatizo ni kwamba walipunguza kabla ya kukubaliana nini hawatakilipia, na kile ambacho hukukubaliana mchana kinakuja kukatwa usiku, na kinachokatwa ni cha yule asiye na mtetezi kwenye korido za bunge. Ahadi ilikuwa ajira, 2014 akigombea tena aliahidi 100,000 za sekta binafsi kwa miaka minne, na Kansas ikabaki nyuma ya wastani wa nchi nzima. Alishinda uchaguzi huo lakini kwa tabu, zaidi ya Warepublican mia moja waliowahi kushika vyeo walimuunga mkono mpinzani wake wa Democratic.

Na kinachonipa heshima kwa watu wa Kansas ni namna walivyojitoa wenyewe. Hakuja mtu kutoka nje. Mwaka 2012 gavana na washirika wake walishawang'oa maseneta wa chama chao wenye msimamo wa kati, hata spika wa seneti Steve Morris alianguka kwenye kura za mchujo. 2016 wapiga kura wa chama kile kile wakawarudisha watu wa aina yake. Februari 2017 wakapitisha kurudisha kodi, Brownback akapiga kura ya turufu, bunge la chini likaipindua lakini seneti wakapungukiwa kura tatu. Wakarudi mezani. Tarehe 6 Juni 2017 akapiga turufu tena na siku hiyo hiyo wakaipindua, bunge la chini 88 kwa 31 na seneti 27 kwa 13. Seneti ina watu 40, theluthi mbili ni 27, yaani hakuna kura hata moja ya akiba, mmoja angeumwa tumbo siku ile kisa kingeendelea. Viwango vikawa vitatu tena, 3.1, 5.25 na 5.7, na sifuri ya LLC ikafutwa, matarajio yakiwa dola bilioni 1.2 kwa miaka miwili. Bunge lote lilikuwa la Republican kwa kishindo, kwa hiyo waliompindua wengi wao ni wa chama chake.

Brownback aliondoka Januari 2018 akawa balozi wa Marekani wa uhuru wa dini. 2018 bunge likaongeza zaidi ya dola milioni 500 kwa shule zigawanywe kwa miaka mitano, 2019 likaongeza tena, na Juni 2019 mahakama ikasema sasa angalau inatosha.

Ila kodi ya chakula haikurudi pamoja na zile nyingine. Sheria ya kuiondoa ilipita 2022 chini ya gavana Laura Kelly, tena kwa hatua: 2023 ikawa asilimia 4, 2024 ikawa 2, na tarehe 1 Januari 2025 ndo jimbo likaacha kutoza. Mwenye LLC alipata sifuri yake yote kwa siku moja, tarehe 1 Januari 2013. Anayenunua mkate ya kwake imemfikia miaka 12 kamili baadaye, na kaunti na mji wake bado wanachukua cha kwao pale kaunta.